Bomba Nyuma ya Ghala la Elguja

Mke wangu Tsiuri ni mkaguzi wa maji wa wilaya, na msimu wa mavuno ya zabibu ukifika mimi sina mke. Nina mtu anayeingia ndani, anakunywa chai kwa kusimama, ananusa mikono yake na kutoka tena. Mimi ni mwoka mikate, tanuri limenizoesha kungoja. Yeye kungoja hakujui. Hata kanisani anahama mguu huu mguu ule mpaka kasisi anamkazia macho.

Kazi yake inaudhi watu, niseme ukweli. Kwetu kila ua una ghala la mvinyo, na kila ghala lina mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Mitungi hiyo lazima ioshwe kabla ya kutiwa zabibu mpya. Yale maji ya kuoshea, yenye chokaa na machicha ya mwaka jana, babu zetu waliyamwaga kijitoni wala hayakumdhuru mtu. Lakini babu zetu walikuwa na mitungi michache ya kunywea wenyewe, na sisi siku hizi tunauzia watalii. Basi ikaja sheria: chimba shimo, lisakafie, maji yatulie humo, kisha uyamwage mizabibuni, mbali na kijito. Watu walichimba. Wengine walichimba kumridhisha Tsiuri tu.

Chini ya kijiji kuna bwawa la Lamara, linalojazwa na kijito hicho. Mumewe alifariki akamwachia samaki wa trauti, basi, hakuna kingine. Asubuhi moja Lamara aliingia dukani kwangu na ndoo ya samaki waliokufa, akaitua juu ya mikate yangu.

"Mwambie mkeo anuse," akasema.

Walinuka siki. Maji ya zabibu yakichacha kijitoni yanamaliza hewa yote, samaki wanakuja juu midomo wazi. Wiki iliyofuata alileta ndoo mbili.

"Maji hayo yakishuka tena bwawa limekwisha," Tsiuri aliniambia, akizunguka jikoni. "Na Lamara atafunga nyumba aende Ugiriki kulea wazee wa watu, kama wenzake wote."

Alilipanda bonde kwa miguu, akipekua vichaka, na nyuma ya upupu akakuta bomba linalomwaga kijitoni. Lilitoka kwa Elguja. Huyu Elguja ndiye baba yake wa ubatizo, na ndiye aliyemshika mkono hadi madhabahuni siku ya harusi yetu, maana baba mzazi, Vakhtangi, alikuwa ameshafariki.

"Mtume mkaguzi mwenzako," nikamsihi.

"Mwenzangu wakimkalisha mezani atanyanyuka Krismasi."

Hilo ndilo donda la wakaguzi wote. Wakati wa mavuno huwezi kuingia ua wa mtu ukatoka hujaketi mezani, na ukishaketi, anayeongoza meza ndiye bwana wako. Nikafuatana naye ili angalau mmoja wetu ale.

"Binti yangu!" Elguja alinguruma. "Na wewe Murmani, mlafi mkubwa, njoo! Nyama iko motoni."

"Baba, nimekuja kuona bomba."

"Bomba lina miguu? Litakimbia? Keti!"

"Maji yako yanaua samaki wa Lamara."

"Maji yangu? Mwosha mitungi wangu anayanywa mbele ya macho yangu!"

Kweli, ndiyo desturi. Mwosha mitungi hunywa maji aliyosuuzia mwisho, ili mwenye ghala aridhike kwamba mtungi umetakata.

"Anakunywa ya mwisho, Baba. Ya kwanza unayapeleka wapi?"

Meza nzima ikacheka. Elguja hakucheka. Aliinua glasi tukanywea amani, akainua tena tukanywea mavuno, kila mara kwa hotuba ndefu. Katikati ya hotuba nikasikia pampu inanguruma nyuma ya ghala, inasukuma maji bombani. Tsiuri aliisikia pia, magoti yake yakawa yanagonga meza kwa chini. Elguja akamtazama, kisha akasimama.

"Sasa tuwanywee marehemu. Tumnywee Vakhtangi, rafiki yangu, baba wa huyu binti."

Wote tukasimama. Akaanza habari za Vakhtangi tangu utotoni, polepole, na pampu inaendelea. Marehemu akitajwa hatoki mtu. Marehemu akiwa baba yako mwenyewe, ndiyo kabisa.

Tsiuri aliweka glasi mezani akatoka.

Sitaficha, niliona aibu, nilitamani ardhi inimeze. Elguja alinyamaza, glasi hewani. Kisha pampu nayo ikanyamaza.

Alirudi sketi imelowa hadi magotini, mikono ya zambarau. Hakuna aliyekuwa amekunywa.

"Umemwacha baba yako mezani," Elguja alisema. Hakuwa akiigiza. Aliumia kweli.

Tsiuri alichukua glasi yake, akadondosha mvinyo kwenye kipande cha mkate kama tunavyowafanyia wafu wetu.

"Baba Vakhtangi, nisamehe nimetoka ukitajwa. Mzee huyu alinishika mkono siku ambayo wewe hukuwepo, sijasahau. Lakini leo amekuita wewe ili unizuie, na bwawa la mjane life. Mungu akulaze pema."

Akanywa. Nasi tukanywa, kwa sababu kwa marehemu hakukataliwi. Elguja alikuwa wa mwisho.

"Koki nimeifunga na kuitia lakiri," Tsiuri akasema. "Ukiivunja nafunga ghala zima."

"Na zabibu ziko mtini? Mimi, ungenifungia?"

"Ndiyo, Baba."

Kesho yake maji ya Elguja yalipanda mizabibuni kwa trekta. Lamara hakwenda Ugiriki. Ila Elguja hakutusemesha tena, si sokoni, si kanisani. Kila Pasaka yeye ndiye aliyekuwa akituletea mayai mekundu, tangu tuoane. Pasaka iliyofuata Tsiuri alimwandalia sahani yake, akawa anakwenda kufungua mlango, anachungulia njia, anafunga.

"Hatakuja, mke wangu," nikamwambia jioni.

"Najua," akasema, akaenda kuufungua tena.