Siku Niliyosema Mjomba Asumani Yuko Nje

Haya, hadithi hii ninayo tangu mvua za kwanza, na kama naiandika leo ni kwa sababu Chantal wa darasa letu amenicheka tena mlangoni pa shule ("Aziza, mjomba amefika?"), kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko yeye, maana yeye hakuwako, mama yake njo aliyekuwa kwenye foleni siku ile. Ndiyo, ni mimi. Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono hata kama jibu ninalo, nilisimama katika ofisi ya kuandikisha makampuni nikasema uongo wa maneno mawili tu, na maneno hayo mawili yakamwangusha mama yangu chini mbele ya watu.

Ilianza na mchele. Mama na mdogo wake, mama mdogo Sikujua, wanapandisha mchele kutoka Lokandu kwa mtumbwi na kuuuza sokoni, tangu sijazaliwa. Sasa shule moja ya bweni ng'ambo ya mto ikasema itanunua kwao mwaka mzima, lakini haitaki mama wawili wa sokoni, inataka kampuni, yenye karatasi na namba ya kodi, na karatasi zifike kabla ya Ijumaa jioni. Kwa kuwa mimi nasoma biashara, Mama akanitazama vile watu wanavyotazama tochi umeme ukikatika.

Kueleza nilieleza vizuri, hapo sitajilaumu.

"Kampuni ya namna hii, SARL, ni kama muntu," nikawaambia. "Ina jina lake, adresi yake, namba yake ya kodi. Kodi ya faida inalipa yenyewe. Na hata mwezi ambao haikuuza kitu, lazima ipeleke karatasi kusema: sikuuza kitu."

"Muntu gani huyo," akauliza mama mdogo Sikujua, "hana mama, hakuli ugali, na kodi analipa?"

"Na ikianguka, mnapoteza tu kile mlichotia ndani. Wadai hawaji kuchukua nyumba."

Mama akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Wakati wa vita wenye bunduki walibeba hata milango. Wao walisoma sheria gani? Haya, andika. Mimi. Sikujua. Asumani."

Kalamu ikasimama.

Asumani ni kaka yao. Wakati wa vita, treni haifiki na chumvi inapimwa kwa kijiko, wao watatu waliunga biashara: Mama alitoa kitenge chake kipya, Sikujua bidoni ya mafuta ya mawese, Asumani baiskeli. Safari ya tatu alishika njia ya Kampene na baiskeli ile, na hajarudi mpaka leo. Hatujawahi kumwekea matanga. Kwetu hakuna anayesema amekufa, na kila mchele ukishuka kutoka mtumbwini, wanagawa mafungu matatu. Fungu lake linawekwa kando, akiugua mtu wa ukoo, tunachota humo. Kwa hiyo kwa Mama hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa: Asumani ni mshirika. Na mimi nilijua kabisa kwamba kila mshirika atatakiwa kutia sahihi, lakini kumwambia Mama "huyu hayuko" kulinishinda. Nikaandika jina. Nikajiambia mtu wa ofisi atalikata yeye.

Ijumaa asubuhi foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mama na mama mdogo wakakaa barazani, nikaingia peke yangu na faili. Ofisa alikuwa baba wa makamo mwenye sauti ya kuhubiri, wote wanamwita Chef. Nyuma yangu alisimama mfanyabiashara mmoja wa Kampene, mnene, anapumua juu ya shingo yangu.

"Washirika watatu," Chef akasoma. "Wote wako?"

"Ndiyo, papa."

"Asumani Kalonda yuko wapi?"

"Yuko nje."

Hayo njo maneno mawili. Yalitoka yenyewe, kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa nasema lolote litakalowafanya waache.

Chef akatoa katika faili kadi ya kitambulisho ya Mjomba (aliiacha nyumbani, maana barabarani siku zile karatasi iliweza kukuponza kuliko kukosa karatasi). "Binti, hii kadi ni ya Zaïre!"

"Ndiyo, papa."

"Na nywele za picha hii, kama kofia! Hana kadi ya siku hizi, ya uchaguzi?"

Watu wakacheka. "Anayo, papa. Iko naye."

"Vizuri. Aingie nayo, atie sahihi, nimalize faili yenu leo. Saa sita nafunga."

"Amekwenda... kufunga baiskeli." (Sijui kitu kingine juu ya mjomba wangu. Najua alikuwa na baiskeli.)

Tukangoja. Nilifikiri nitoke, niwaambie wamama tukimbie, lakini faili ilikuwa mikononi mwa Chef, na mtu wa Kampene akaanza: "Baiskeli gani inafungwa muda wote huu? Chef, mwite basi, tuko wengi!"

Chef ni mtu mwema, hilo njo baya la kisa hiki. Alitaka kutusaidia. Akasimama, akafungua dirisha la barazani kwa mikono miwili, akapaza ile sauti yake:

"Asumani Kalonda! Acha baiskeli, ingia! Tunakungoja wewe tu!"

Nikasikia kelele ya Mama. Sijawahi kumsikia akitoa sauti ile, hata arusini. Nikakimbilia dirishani, nikamwona anashuka ngazi na kandambili moja, kitenge kinamfunguka, anaita, "Yuko wapi? Asumani! Yuko wapi?" Getini palikuwa na baiskeli nyingi. Akamshika mzee mmoja aliyekuwa ameinamia mnyororo wake, akamgeuza, akashika uso wake kwa mikono miwili, akautafuta. Mzee wa watu hakujitoa. Alimwacha amtazame. Kisha Mama akajibwaga mchangani, na mama mdogo Sikujua akafika na ile kandambili nyingine, hajui aiweke wapi.

Chef akageuka. "Nani aliniambia yuko nje?"

"Ni mimi," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wa nyuma walinisikia.

Akatoka, akachuchumaa mbele ya Mama. Nikamfuata.

"Mama, hayuko tangu lini?"

"Tangu vita."

Akavua miwani. "Siwezi kuandika mshirika asiyeweza kutia sahihi. Kesho watu wa kodi wakiuliza fungu lake la faida lilikwenda wapi, nani atawajibu? Mkibaki wawili, namaliza sasa hivi. Mkisema watatu, siwezi."

Saa sita ilikuwa karibu. Nilijua mwaka mzima wa mchele uko pale mchangani pamoja na Mama, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata yule wa Kampene.

"Mutoe," Mama akasema mwisho. "Lakini sikusema amekufa."

"Hakuna atakayeandika hivyo, mama."

Tukaingia. Watu wakatupisha. Chef akaanza karatasi mpya, akafika penye jina la kampuni. Mimi nilikuwa nimependekeza "Mchele Safi".

"Aziza," Mama akaniambia bila kunitazama, "si ulisema kampuni ni muntu? Ina jina, ina adresi, na kila mwezi lazima iseme iko wapi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi iitwe Asumani."

Kalamu ya Chef ikagoma. Mtu wa Kampene akatoa ya kwake mfukoni, akainyoosha juu ya bega langu.

Tangu siku ile, mtu akibisha kwetu na kuuliza kama fulani yuko, sijibu mpaka niende nikamwone kwa macho yangu, hata kama ninamsikia anakohoa. Chantal acheke tu. Mwezi uliofuata nilimsindikiza Mama kupeleka karatasi ya kwanza ya kodi, na nilipoona mfanyakazi anachukua faili yetu nikamshika Mama mkono, kwa woga.

"Asumani!" yule akaita. "Asumani yuko?"

Mama akautoa mkono wake katika wangu, akafunga kitenge vizuri, akasimama.

"Yuko," akasema. "Njo sisi."