Sita, Kisha Mbili

Nilifika kwenye gereji ile ya Riruta nikiwa nimeshapitia kazi nyingi. Niliacha shule kidato cha pili, nikabeba nyama kwenye machinjio ya Dagoretti, nikauza betri za saa mjini, nikatengeneza redio. Kila mahali niliondoka siku niliyoona nimeielewa kazi. Pale gerejini nilikwama, kwa sababu hakuna aliyenieleza nikaridhika: giaboksi ya otomatiki inajuaje wakati wa kubadilisha gia?

Fundi mwenye gereji alitambua ugonjwa wa injini kwa sikio na wa oili kwa pua. Otomatiki tu ndizo hakuzipenda. Magari ya mtumba ya Kijapani yalikuwa yamejaa Nairobi miaka ile, na dawa ya otomatiki yenye matata ilikuwa moja: ing'olewe, itafutwe nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Mimi kila nilipopata nafasi nilikwenda saiba mjini, kwenye intaneti ya kulipia, kusoma habari za giaboksi, hadi mwenye saiba akaniuliza kama nasomea urubani.

Ijumaa moja asubuhi akaja mzee wa pwani, dereva wa teksi aliyekuwa akiegesha karibu na msikiti katikati ya jiji. Gari yake nyeupe ya saluni iling'aa kama sahani. Lakini iliondoka kwa uzito, kana kwamba inavuta kitu, na kwenye dashibodi taa ya giaboksi, iliyoandikwa O/D OFF, ilikuwa ikipepesa bila kukoma.

Fundi aliizungusha kidogo barabarani, akarudi akitikisa kichwa. "Mzee, hii gearbox imeenda. Tunatoa."

"Basi liuzwe hivi hivi," mzee akasema taratibu. "Giaboksi nyingine siiwezi. Nami bila gari sina kazi Nairobi. Nitarudi Mombasa nikalishwe na wanangu."

Aliyasema bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichoma.

"Fundi, ngoja kwanza," nikasema. "Tuiulize gari yenyewe."

"Tuiulize? Na inaongea nini, Kijapani ama Gĩkũyũ?" Gereji nzima ikacheka. "Haya profesa, uliza. Lakini ile cheni ya kuinua gearbox ikifika kutoka kwa jirani, utoke hapo."

Nilifungua boneti, nikatafuta kisanduku cheusi chenye matundu, cha kupimia hitilafu, nikaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Kisha nikawasha swichi bila kupiga injini. Taa ikaanza kupepesa kwa mpangilio, ikitaja namba ya hitilafu. Mzee alihesabu kwa vidole kama anayevuta tasbihi.

"Sita," akasema. "Imetua. Mbili. Imeanza tena."

Sitini na mbili. Namba ile niliijua tangu saiba. Ilihusu solenoidi ya kwanza, valvu ndogo ya umeme inayofungulia oili njia ili gia ibadilike. Kompyuta ya gari ikiikosa, gari huondoka na gia ya tatu. Ndio ule uzito.

"Si basi solenoid imekufa?" fundi akasema. "Na iko huko ndani. Bado tunafungua."

Hapo ndipo wengi wanapokosea: namba ikitaja kifaa, wanakimbilia kununua kifaa. Namba haikusema solenoidi imekufa. Ilisema kompyuta inaita na haijibiwi. Nilichomoa plagi iliyo juu ya giaboksi, nikapima upande wa ndani kwa mita. Solenoidi ilikuwa hai, nzima kabisa. Nikaigeuza plagi kuelekea mwanga. Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na ndani mlikuwa na tone la maji.

"Mzee, gari hii unaiosha vipi?"

"Kila Ijumaa kabla ya swala, mwanangu. Juu na tumboni. Kwa mashini ya presha, na namwambia kijana asinibanie maji."

Fundi alishika kiuno. "Mzee, umeizamisha gari yako kwenye nchi kavu!"

Nilisugua pini kwa mswaki na petroli, nikazikausha, nikarudisha plagi, nikachomoa fyuzi ya kompyuta kwa muda ili isahau ile namba. Nilipowasha, taa ilizimika na kubaki imezimika.

Mzee akashika usukani, fundi mbele, mimi nyuma. Tulipita Kawangware, tukashika mteremko na mlima wa Muthangari. Fundi aliinamisha kichwa. "Nyamazeni, nisikie." Gia ya kwanza. Ya pili, laini. Ya tatu. Akageuka, akanitazama moja kwa moja, kisha akapiga kiti chake kofi moja kubwa. Sijawahi kupewa cheti chochote, lakini kofi lile nimelitunza.

Hapo mama mmoja mwenye mizigo akasimamisha teksi. Mzee akafunga breki.

"Mjini, mama? Karibu." Kisha akatugeukia. "Shukeni, jamani, nina abiria. Nitapita gerejini nikitoka msikitini."

Tukashuka, mikono bado imejaa grisi. Teksi ikaondoka upesi, nyepesi, ikamezwa na kona.

"Aki huyu mzee," fundi akasema, akicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya watu. "Ametufukuza kwa gari tumemtengenezea!"

Tulirudi Riruta kwa miguu. Njia nzima fundi aliniuliza maswali ya otomatiki, nami nikamjibu.