Uyoga katika Nyumba ya Tumbaku

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuziba matundu. Nyumba ya tumbaku ya baba mkubwa, kule Abuku, upande wa Koboko, ilikuwa na matundu chini ya ukuta kila upande, na juu karibu na bati ilikuwa na dirisha dogo la kufungua kwa kamba. Nilikanda udongo na saruji, nikaziba yote, nikapaka chokaa juu yake. Halafu nilijifungia ndani, nikatazama kama kuna mwanga wowote unaopenya. Haukuwepo. Nilitoka nikiwa na furaha ambayo sasa inanitia aibu.

Nilikuwa nimetoka Arua mjini kwenda kulima uyoga. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, na karibu kila niliyemsikiliza alisisitiza usafi: inzi wakiingia umekwisha, ukungu wa kijani ukiingia umekwisha. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua chache, na kurudi kuusukuma nione kama kweli nimeufunga. Maneno yale yaliniingia vizuri mno.

Baba mkubwa alikuwa mkulima wa tumbaku miaka mingi. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, ndefu kwenda juu, na ndani kuna miti iliyolazwa ngazi juu ya ngazi, ambako majani ya tumbaku yalining'inizwa yakaushwe kwa moto. Tumbaku aliiacha. Sasa alitaka kuibomoa, apate matofali ya nyumba ya kuishi. Nilipomwomba aniachie, alikubali kwa msimu mmoja. Kisha akachukua mkaa, akachora msalaba mkubwa ukutani, pale atakapoanzia kubomoa.

"Uyoga isipotoka," alisema, "nyundo inatoka."

Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu mimi nimekulia kwa mama, Kilugbara ndicho nakijua, na Kikakwa changu, lugha ya upande wa baba, kinamchekesha. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha barabarani, na matani hakosi.

Nilichemsha mabua na maganda ya maharagwe kwenye pipa, nikayapoza, nikayajaza kwenye mifuko ya plastiki pamoja na mbegu ya uyoga niliyonunua Arua. Mifuko niliipanga katikati ya chumba, mmoja juu ya mwingine, imebanana kama magunia stoo. Niliona imependeza. Nikatundika kipimajoto ukutani.

Mifuko ile ya kwanza iliharibika yote. Ilitoa maji ya manjano na harufu ya kitu kilichochacha. Nililaumu jua. Nikatandaza nyasi juu ya bati, nikanunua mbegu nyingine, nikapanga vilevile. Mbegu hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa sababu kiangazi kilikuwa kinakaribia na msimu wangu ulikuwa unaisha. Kila nilipoamka nilikwenda kusoma kipimajoto. Joto lilikuwa linapanda tena, hata asubuhi, hata kulipokuwa na mawingu.

Asubuhi moja baba mkubwa alikuja akaingiza kichwa mlangoni. Alinikuta nimekaa chini nautazama ukuta.

"Nani iko nawasha moto humu?"

"Hakuna moto, Baba."

"Moto iko. Shingo yangu nasikia." Alizunguka nje, akarudi. "Shimo zangu iko wapi?"

Nilimweleza kuhusu inzi na ukungu. Nilieleza kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akashika fremu ya mlango.

"Hii nyumba mimi nilijenga kwa kupika tumbaku. Wewe unaziba, unaweka mboga ndani, halafu unashangaa inaiva?"

"Lakini moto hakuna!"

"Basi hiyo mifuko yako ndiyo jiko."

Alisema kwa mzaha, nadhani. Lakini nilikumbuka kitu. Nilikuwa nimesoma kwamba uyoga unapotambaa ndani ya mabua hutoa joto lake wenyewe. Nilisoma, nikapita, kwa sababu siku ile nilikuwa natafuta habari za inzi. Nilikuwa napima joto la ukutani tu. Kufungua mfuko mzima niliogopa kama kufungua kidonda, lakini nilichukua mmoja wa katikati ya rundo, nikautoboa, nikachomeka kipimajoto ndani. Joto la mfukoni lilikuwa juu kuliko la chumba, tena kwa mbali. Nilimwonyesha. Kipimajoto hakukitazama. Aliweka kiganja juu ya mfuko, akaguna, "Mm," kama mtu aliyekutana na anayemfahamu.

Alileta panga akaanza kubandua udongo wangu kwenye matundu. Alitaka na mlango ubaki wazi. Hapo nilikataa, na nashukuru kwamba nilikataa, kwani inzi wangetumaliza. Tuligombana kidogo, kisha tukakata chandarua cha zamani, tukakitandaza kwenye kila tundu na kwenye dirisha la juu. Alipovuta ile kamba, hewa ilianza kuingia kwa chini na kutokea kwa juu. Niliisikia kwenye vifundo vya miguu. Nyumba ilikuwa inapumua. Aliyeijenga hivyo hakuwahi kutumia kipimajoto, na alikuwa amesimama pale anajikuna tumbo.

Kisha akalitazama rundo langu.

"Nani alikufundisha kulundika? Majani mbili ikigusana, inaoza. Leta katani."

Tulitundika mifuko kwenye miti ya tumbaku, kila mmoja peke yake, nafasi katikati. Vidole vyake vilifunga fundo kabla sijaona vimeanza. Nilijaribu kumuiga, mfuko wangu ukaanguka, akasema, "Mutu ya Arua, hata kamba inakukataa." Mifuko ya katikati ya rundo ilikuwa tayari ya kijani, tukaizika mbali. Iliyobaki ilipoa, ikawa myeupe polepole, na mmoja baada ya mwingine ikatoa uyoga ubavuni, kama masikio.

Mavuno ya kwanza mke wake aliyapika kwa odi, yaani karanga na ufuta vilivyosagwa, tukala kwa ugali wa muhogo. Baba mkubwa alikula tonge baada ya tonge. Mimi sikumeza kitu, nilikuwa natazama mkono wake tu. Alipangusa sahani kwa tonge la mwisho.

"Hii tumbaku yako iko tamu," alisema.

Siku iliyofuata nilimkuta kando ya kijito, suruali imekunjwa magotini, anakanda udongo wa kufyatulia matofali mapya. Hakusema kitu kuhusu nyundo, nami sikuuliza. Nilivua viatu nikaingia kwenye tope.

Nyumba ya tumbaku bado imesimama, na msalaba wa mkaa haujafutika. Uyoga wangu sasa unauzwa Koboko na Arua. Matundu yote yako wazi nyuma ya chandarua, mifuko inaning'inia bila kugusana, na joto napima ndani ya mfuko. Mlango bado narudi kuusukuma, lakini mara moja tu.