Mume Wangu Kageuza Nyekundu Kuwa Kijani

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mji wetu huu ukipiga chafya mtaa wa Malindi, wa Darajani wanakuombea dua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina mume na watoto wawili, na nimesoma fizikia mpaka shahada ya pili. Hilo la kusoma silitaji kwa kujisifu. Ndilo linaloniponza.

Mimi na mume wangu tuna kampuni ndogo ya uhandisi Kiembe Samaki, vyumba viwili juu ya duka la vigae. Nikisema tuna, maana yake mimi nafanya kazi na yeye anavaa suti. Watu wanamwita Injinia. Uinjinia wenyewe sijauona, kwani alisoma biashara, na hiyo biashara nayo alitoka nayo kwa kuvutwa mkono. Ila ana mdomo mtamu na manukato mazuri, na kwa wakubwa wa kwetu hivyo viwili vinatosha. Ndivyo alivyotupatia kazi ya watu wa ulinzi. Watu gani, msiniulize.

Kazi yenyewe ni hii. Wanataka kuweka bunduki kubwa juu ya boti zao za doria, na kabla ya fundi kuchomelea chochote, mimi naijaribu nguzo itakayoibeba ndani ya kompyuta. Programu inakigawa chuma vipande vidogovidogo, halafu inapiga hesabu: boti ikipigwa na mawimbi huku bunduki inafyatua, kila kipande kinabeba mzigo gani. Mwisho inatoa picha. Palipo salama panakuwa kijani, panapokaribia kukatika panakuwa pekundu. Wale wakubwa hawasomi kurasa zangu hata moja. Wanataka picha. Ikiwa ya kijani wanatikisa vichwa, wanakula sambusa zao, wanaaga.

Nguzo yetu ilitoka nyekundu pale chini inaposhikana na boti. Nikarudia kwa vipande vidogo zaidi, nyekundu ikazidi. Nikamwambia mume wangu chuma kiongezwe unene, na wateja tuwaombe muda. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Muda wa nini? Watu wanakuja Jumatatu, nshawaambia iko tayari."

Jumatatu nimekaa na wageni, picha yangu inawashwa ukutani, kijani kitupu. Mwanzo nilidhani kompyuta imeharibika. Kumbe bwana mkubwa kaingia kwenye mpangilio wa rangi, kaupandisha mpaka wa nyekundu juu mno, mzigo wetu usiweze kuufikia. Chuma ni kilekile na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni rangi. Mwanangu wa chekechea analiweza hilo, na yeye angalau anajua kuwa anacheza.

Basi akasimama pale, mkono mfukoni, akawaambia wageni, "Hesabu zote kapiga mke wangu. Sivyo, bibie?" Wote wakanigeukia. Nikainamia karatasi zangu. Kwetu mke hamkosoi mumewe mbele za watu, na yeye alilijua hilo wakati anauliza. Wakapeana mikono.

Nyumbani nikamuwakia. Akacheka! "Kwani mie nimedanganya? Namba zako zimo mlemle, asome anayetaka. Wewe unajua hesabu, mie najua watu." Nilipomwambia nitawaeleza wateja mwenyewe, kicheko kikakatika. "Fungua mdomo uone. Njia ya kwenu unaijua."

Nikaenda kwa somo wangu, bibi aliyenifunda nilipoolewa. Nikamshika mkono, "Shikamoo, Bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu, mbona umenyong'onyea?" Nikamweleza kwa lugha nyepesi kuwa mume wangu amepitisha chuma kibovu. Akavuta pumzi. "Mume ni vazi lako, mwanangu. Utamvua mbele ya wanaume wa serikalini?" Nikasema, "Kitakatika, Bi mkubwa, kitamwangukia mtoto wa mtu." Akanitazama sana. "Na ukiachwa, huyo mtoto wa mtu ndiye atakayekustiri?" Sikumkasirikia. Yeye anakifundisha alichofundishwa. Lakini niliondoka pale sina hata nguvu za kufunga buibui.

Majaribio baharini ni wiki ijayo. Bunduki itafyatuliwa boti ikiwa inakwenda mbio, na vijana watasimama karibu nayo kabisa. Jana nilimwambia mume wangu, "Kama una uhakika, panda nao wewe. Simama pembeni ya bunduki." Akasema, "Mie na bahari hatupatani." Mtu aliyekulia kwa kujirusha majini pale Forodhani! Nikasema, "Basi nitapanda mimi." Akawahi kunishika mkono, uso umembadilika. "Hupandi. Nakwambia hupandi, una watoto wewe."

Jamani, mimi miaka yote hii nilikuwa namdharau mume wangu nikidhani ni mjinga. Nilijipa moyo kuwa haelewi maana ya ile nyekundu, kwake ni pambo tu. Kumbe anaelewa vizuri. Mjinga nilikuwa naweza kuishi naye. Huyu sijui nimwite nani, na usiku nalala naye kitanda kimoja.

Namba ya afisa anayesimamia majaribio ninayo. Nikipiga, kampuni imekufa, ndoa imekufa, na wanangu watapelekwa kwa mama mkwe, maana hilo nalo baba yao ameshaniahidi. Nisipopiga, wale vijana watapanda wakiamini hesabu zangu.

Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi? Matusi ninayo ya kutosha nyumbani, msiniongezee. Na wewe unayetaka kuniandikia nimsitiri mume wangu, andika kwanza kama mwanao ungempandisha kwenye boti ile.