Kichuguu cha Mama wa Uyoga

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa nguvu zote za mhitimu wa masomo ya jioni, kwamba kule kwenye miteremko ya Meru kuna kichuguu ambacho ukikigusa kwa jembe utapiga chafya ya kumbikumbi, wenye mabawa kabisa, mpaka ukoo wako ukukimbie. Aliyenisimulia ndiye mwenye kichuguu chenyewe, mama aliyetuuzia uyoga pale sokoni Ngarenaro kila masika. Wiki iliyopita nikapata habari kwamba ametutoka.

Mimi, wasomaji wangu mnanijua, simwamini muuzaji yeyote. Hata chumvi naionja kwanza. Yule mama alikuwa na uyoga wa aina mbili kwenye beseni moja. Mkubwa una kofia ambayo familia nzima ingejikingia mvua, na shina linaloishia kwenye mzizi mrefu mwembamba. Mdogo hauzidi kifungo cha shati, na huota mwingi kama mchele uliomwagika. Nikamshuku kwamba anachuma vichanga.

"Shikamoo, mama. Mbona unatuuzia watoto?"

"Marahaba. Watoto wa nani? Hawa ni ndugu. Kwani wewe mdogo wako ni mwanao?"

Wateja walinicheka mpaka vibanda vya jirani vikafunga biashara kuja kuangalia. Ndipo akanieleza: mkubwa umeshusha mzizi mpaka chini, jikoni kwa mchwa, mdogo unakula makombo wanayoyatupa nje. Kichuguu kikivunjwa, mkubwa haurudi tena, na makombo yakiisha mdogo nao unafuata. Akamalizia na ile habari ya chafya, uso mkavu.

Udongo wa kichuguu ni laini, hauna kokoto, unatoa tofali safi. Ndiyo maana siku hizi ukitafuta kichuguu kuanzia Sakina hadi Sombetini utachakaza viatu bure. Vyote vimegeuka kuta za nyumba. Chumba ninachopanga naapa ni vichuguu vitupu, na humo ndani nakula uyoga wa kopo.

Msibani, nyumbani kwake kule mteremkoni, nilikuta uwanja umesawazishwa vizuri mno, udongo mwekundu laini chini ya viti. Nikaingiwa na shaka. Nikamuuliza shemeji wa marehemu wameutoa wapi.

"Udongo ni udongo, mwandishi. Kunywa chai."

Hakunitazama. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kichuguu kilikuwa kimekatwa hadi chini, na pembeni matofali mabichi yamepangwa yakikauka. Nikawaza kwamba kitu kikilindwa na mtu mmoja tu, siku akifa waombolezaji wanakuja na majembe.

Hata hivyo niliwahurumia wachimbaji. Nikamnong'oneza binti wa marehemu kwamba wapelekwe zahanati mapema, kabla chafya haijaanza.

"Chafya gani, kaka? Mama aliitunga mwenyewe ili wasichimbe. Wamechimba tangu juzi. Umemsikia nani akipiga chafya?"