Makalio ya Lori

Siku ya kwanza nilipewa ndoo ya rangi, brashi na lori. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, karakana ya malori ya kutengeneza barabara, mji wa bandari wa Mahajanga. Shule niliiacha nikijua kuandika jina langu tu, lakini nilikuwa nimeshapaka milango ya nusu ya mtaa wetu, na mstari wangu haukupinda.

Mkuu wa karakana alinionyesha ubao wa nyuma. "Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Mistari ishuke pande mbili, kama paa la nyumba." Sababu yake: dereva anayekuja nyuma avutwe macho pembeni, apite, asiwagonge wanaoziba mashimo nyuma ya lori. Mmoja wa waziba mashimo alikuwa Selemani, mume wangu. Kwa hiyo sikupaka kwa ajili ya mshahara peke yake.

Basi, madereva wetu walikuwa na desturi. Kila Ijumaa kabla ya msikiti waliliosha lori uso: boneti, taa, vioo, mpaka unaona meno yako. Nyuma hawakugusa. Na njia ya Boanamary, tuliyokuwa tukiitengeneza, ina vumbi jekundu. Wiki moja tu, nyeupe yangu ikawa nyekundu, lori likafanana na barabara.

Nikamwambia mkuu. Akacheka. "Mama, wewe paka. Kuosha si kazi yako."

Siku chache baadaye gari la abiria nusura limgonge Selemani. Dereva aliapa hakuliona lori. Selemani alirudi na koleo lililovunjika mpini, akaliweka sakafuni, chakula hakukigusa.

Asubuhi nilisimama langoni na maji na kitambaa. "Halitoki lori mpaka nilifute makalio!"

Madereva wakaangua kicheko. "Selemani ameoa mwosha makalio!"

"Heri mwosha makalio kuliko mjane."

Mkuu akatoka. "Unachelewesha kazi, mama."

Nikamwomba aende barabarani hatua hamsini, ageuke, atazame malori mawili, lililofutwa na lisilofutwa. Alitazama. Akarudi, akanipokonya kitambaa, akafuta la pili yeye mwenyewe. Tangu hapo ikawa sheria ya lango.

Baadaye nilihamishiwa kisiwani, Nosy Be. Rangi iliachwa, ikaja karatasi ya kubandika, inayorudisha mwanga wa taa. Kule adui ni chumvi ya bahari: usipofuta bati kwa spiriti, karatasi inabanduka. Pembe zake kata mviringo, maana pembe kali hunyanyuka kwanza. Mkuu wa kule, mwanamke kijana, aliniuliza nimesomea wapi.

"Nyuma ya malori," nikamjibu.

Siku niliyostaafu, wenzangu wa karakana hawakuniletea maua. Walileta lori, kinyumenyume mpaka mlangoni kwangu, mistari inawaka juani. Boneti yote vumbi.

Selemani, mvi kichwa kizima, akalizunguka kwa mkongojo. "Mbele hawakuosha."

"Waache," nikamwambia. "Mbele hukuwa ukisimama wewe."