Daktari wa Meno na Fomu za Dada Yake

Miaka thelathini na minane aling'oa meno ya watu, na mpaka anastaafu hakuwahi kukiri kwamba kuna aliyeumia. Mwezi wa tatu wa kukaa nyumbani, mkewe alimpa chaguo: aende kujitolea kwenye zahanati ya bure, au aendelee kumfundisha yeye mke kuosha vyombo na aone kitakachompata. Akachagua zahanati.

Leseni yake ilikuwa imekwisha, hivyo akapewa kibali cha kujitolea chenye masharti. Asing'oe jino mpaka msimamizi mwenye leseni awe chumbani akimtazama, na msimamizi ajaze fomu kwa kila mgonjwa. Baada ya miezi sita, msimamizi ndiye angesema kama anafaa kuachwa afanye kazi peke yake. Msimamizi mwenyewe alikuwa dada yake mdogo.

"Nisimamiwe na mtoto niliyemfuta kamasi!" alilalamika kila asubuhi, akivaa koti.

Dada naye alikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatatu alijaza fomu za wiki nzima kwa mkupuo, "Nimeona, kazi nzuri", chai mkononi, kabla mgonjwa hata mmoja hajafungua mdomo. Huo ni uongo uliopigwa mhuri. Wao wawili waliuita heshima.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa sita akaja fundi cherehani anayemshonea daktari suruali, shavu limevimba kama mto wa kulalia. Dada alikuwa uani anaongea na simu. Daktari akapiga ganzi, akasubiri, akashika koleo, akainama.

"La nyuma, daktari," fundi alisema kwa ulimi mzito. "La nyuma!"

"Tulia. Mimi huwa nakufundisha kushona?"

"Kila suruali! Na huwa nakusikiliza!"

Daktari akacheka, na kicheko kikamfanya asite. Akasogeza taa. Akasogeza kioo. Meno mawili ya mwisho yalikuwa kama yamefunikwa na ukungu. Alijua, kama alivyojua kwa miezi kadhaa bila kukubali, kwamba alikuwa anang'oa kwa mazoea na kubahatisha.

Akaweka koleo chini.

"Wewe! Acha simu, njoo unitazame!"

Dada aliingia mbio akidhani mtu amekufa.

"Nataka kung'oa hili," daktari alisema, akaligusa.

Dada akachungulia. "Hilo ni zima, kaka."

Fundi akatoa sauti isiyo na maneno. Dada alivaa glavu, akalitoa lililooza, akamwekea pamba na kumruhusu aende. Fundi hakuaga.

"Fomu ya huyu?" daktari aliuliza.

"Nilishaijaza." Dada aliangalia sakafu.

Daktari akaichukua, akaichana vipande vinne. "Jaza nyingine. Andika ulichokiona."

"Nikiandika hivyo, kaka, hata hiki kibali ulicho nacho watakunyang'anya."

"Uliwekwa hapa unipende au unitazame?"

Dada akaandika, kalamu ikimgomea. Daktari akaisogeza karatasi mpaka ikagusa pua, kisha akamrudishia.

"Nisomee."

"'Haoni vizuri. Asing'oe tena.'"

Daktari akavua koti na kulikunja taratibu.

"Ongeza kwamba amekiri mwenyewe," alisema. "Na uandike kwa herufi kubwa."